Siku ya Kwanza ni Jumatatu

Jumapili usiku. Umeme umeaga Kadutu nzima,
nami nachora mistari nyuma ya karatasi ya dawa
kwa rula ya wodi, kwa mwanga wa simu
iliyobakiwa na asilimia tisa.
Visanduku saba. Mistari imenyooka.
Hata wiki ikinishinda, mistari ilinyooka.

Ansima amelala, kidole mdomoni,
miaka minne na miezi miwili.
Masista wa chekechea wanadai dola
ambazo baba yake, kule Kamituga, bado anazichimba.
Basi nitamfundisha mimi,
kati ya zamu na zamu, kati ya sindano na sufuria.

Siku ya kwanza: kuhesabu.
Nilinunua sambaza wa faranga elfu mbili,
nikawapanga kwenye sinia, vichwa upande mmoja.
Moja, mbili, tatu. Akafika saba,
kisha akauliza kama huyu wa nane
anajua kwamba amekufa.
Hesabu ikaishia hapo.
Tukawakaanga, tukala somo.

Siku ya pili niliandika: rangi.
Bidoni za njano, za bluu, na ile nyekundu ya Mama Cibalonza,
zote kwenye foleni ya bomba.
Lakini ilinyesha tangu alfajiri, mvua ya Bukavu
isiyopiga hodi, na kilima kikatushukia
kidogo kidogo mpaka mlangoni:
udongo kwenye bidoni, udongo kwenye miguu ya watu,
udongo kwenye koti langu jeupe la kazi.
"Mama, leo rangi ni moja tu."
Nikamwekea vema.

Siku ya tatu: herufi A, kwa mkaa, juu ya ubao.
Haikuandikwa.
Mapacha wa chumba cha pili walikataa kuzaliwa
mpaka saa tano asubuhi.
Nilimkuta kwa jirani, ungo mapajani.
"Sikumfundisha kitu," Mama Cibalonza akaomba radhi,
"alinisaidia tu kuchambua maharage."
Nikautazama mkono ule mdogo:
jiwe huku, haragwe kule,
na haragwe lililovunjika likapewa fungu lake,
kwa sababu, alisema, limeumia lakini si jiwe.

Siku ya nne nililala.
Nakiri. Nililala kitabu kikiwa usoni,
nikaamka nimechorwa mguu mzima kwa kalamu ya wodi:
duara, duara jingine,
na kitu chenye miguu sita
ambacho ni mimi nikikimbilia pikipiki.

Ya tano tulihesabu ngazi za udongo.
Kumi, halafu kumi nyingine, halafu pumzi.

Siku ya posho, soko likivuma huko chini,
akaiteremsha kalenda ya famasi kutoka ukutani.
"Hapa pameandikwa nini?"
"Jumatatu."
"Ni siku gani hiyo?"
"Ni siku ya kwanza. Siku ya sambaza."
Akanyamaza. Akaweka kidole juu ya neno.
"Lakini ina tatu ndani."
"Ina tatu."
"Sasa ni ya kwanza au ni ya tatu?"

Mimi ninayejua kupima damu, mapigo na homa,
ninayejua dakika ambayo mtoto lazima alie,
nilisimama na mwiko mkononi.
"Wako watu," nikasema, "walioanza kuhesabu
mahali pengine."
"Walikuwa wapi?"
Ugali ukaungua kidogo.

Jumapili usiku tena. Giza lilelile,
simu ina asilimia kumi na mbili, utajiri.
Mistari ya leo imepinda; rula imebaki kazini.
Katika kisanduku cha kwanza sikuandika samaki,
sikuandika rangi wala herufi.
Nimeandika swali lake kama alivyolisema,
na chini yake, kwa maandishi madogo:
kumuuliza Mama Cibalonza.
Visanduku sita vilivyobaki
nimeviacha wazi, vipumue.